Tupeane uzoefu: mliouguza mtu mwenye ugonjwa wa valvu za moyo

Wadau wa Moshi na Arusha, habari zenu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19, na miaka miwili tumemwita mvivu. Akipandisha mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka korongoni, huku kwetu Kibosho, anakaa chini mara tatu nne akihema. Mama anasema ni kwa sababu ya chipsi. Zahanati moja wakasema pumu, akavuta dawa miezi minane. Alipoanza kulala ameegemea mito na miguu kuvimba, tukampeleka hospitali ya KCMC, Moshi, akapigwa eko (ultrasaundi ya moyo, haiumi). Kumbe valvu ya mitrali, ule mlango kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, imekakamaa, haifunguki vizuri. Damu inakwama nyuma yake, mapafu yanajaa maji. Daktari akauliza: utotoni alisumbuliwa na koo? Mama akanyamaza. Koo lilimuuma mara kwa mara, na sisi dawa yetu ilikuwa maji ya chumvi.

Mama wa Ngaramtoni: Pole sana mwanangu. Wangu alianza kwa kuumwa magoti akiwa na miaka 9. Leo goti, kesho kifundo. Nikadhani ni mpira. Nilivyoelezwa, bakteria wa koo wasipotibiwa, kinga ya mwili inaweza kuchanganyikiwa ikashambulia magoti na hata valvu za moyo. Sasa anachomwa Penadur, sindano ya penisilini, kila wiki nne. Inauma jamani, siku hiyo anajificha kwa bibi yake! Haiponyi valvu iliyokwisha kuharibika, inazuia koo lisirudi kuongeza uharibifu. Msiruke hata mwezi mmoja.

Baba Mapacha: Mke wangu aligundulika akiwa na mimba ya miezi sita. Mimba huongeza damu mwilini, moyo ukashindwa kuhimili. Wako hai wote watatu. Huyo binti akipata mchumba, wamwone daktari wa moyo kabla ya kufikiria mtoto.

Mzee wa Sakina: Mimi niliwekewa valvu ya chuma pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Si kila mtu anafikia huko, wengine hupanuliwa valvu kwa puto. Ila ukiwekewa ya chuma, wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni ya maisha, na damu inapimwa kila mara isije ikawa nzito au nyepesi mno. Mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo, basi niliacha mnafu kabisa kwa woga, daktari akanicheka: kula, ila kiasi kilekile kila wiki. Na ukienda kung'oa jino, sema kwanza kwamba una valvu ya chuma na unatumia wafarini.

Mwanzisha mada: Shikamooni wazee wangu, asanteni. Jumatatu tunarudi kliniki. Majani sasa anabeba mama mwenyewe, hataki kusaidiwa. Mdogo wangu kasoma yote haya, anauliza: Mzee wa Sakina, hiyo ya chuma inasikika?

Mzee wa Sakina: Marahaba. Usiku kukiwa kimya, ndiyo, tik tik kama saa ya ukutani. Mke wangu aliizoea kabla yangu.