Prof ana saitesheni elfu 11 kwenye lishe na kisukari, hizi namba zinasomwaje?

Mchelewaji: Wakuu habari za mida hii. Natafuta msimamizi wa PhD, mada yangu ni lishe kwa wenye kisukari aina ya 2, sasa kuna prof mmoja (simtaji) nimemkuta Google Scholar ana saitesheni (mara alizonukuliwa na wengine) elfu 11 na ushee, h-indeksi 29, makala zaidi ya mia. Nikasema huyu huyu. Usiku nikapanga makala zake kwa saitesheni, lahaula, moja tu imebeba elfu 7, na humo waandishi wamejazana kama daftari la mahudhurio, jina lake nimelitafuta mpaka macho yameniuma. Nikienda Scopus, ile hifadhidata nyingine ya makala, tena namba zinashuka karibu nusu, h inakuwa 21. Jamaa ni mzito kweli au ni namba tu? Msinicheke ndo naanza.

Kikokotoo: Hakuna wa kukucheka, wengi tumepita hapo. h 29 maana yake ana makala 29 ambazo kila moja imenukuliwa mara 29 au zaidi, basi. Hirsch, mwanafizikia, aliileta 2005, na uzuri wake ni kwamba makala moja iliyolipuka haiwezi kumbeba mtu. Hiyo ya elfu 7 kwenye h inahesabika moja kama zingine, ukiifuta leo h yake inashuka mpaka 28 tu, tena inaweza isishuke kabisa. Kwahiyo kinachokuchanganya ni ile elfu 11, h yenyewe haina shida. Ila kumbuka h haishuki hata mtu akilala miaka kumi, kwahiyo angalia ile grafu ya miaka pembeni.

Hiyo ya Scopus usihangaike nayo. Google Scholar inazoa kila kitu, tasnifu, ripoti, makala ambazo hata hazijapitiwa, Scopus inahesabu yale majarida na vitabu ilivyovichagua yenyewe. Ukilinganisha maprof wawili tumia mzani mmoja kwa wote, ndo kosa la wengi hilo. Halafu Scopus kuna sehemu unaondoa zile alizojinukuu mwenyewe, ibonyeze uone kinachobaki 😅

Sukari_Guru: Niongezee kwa upande wa fani maana kisukari kina mambo yake. Karibu kila makala inaanza na "wagonjwa wa kisukari wanaongezeka duniani", na hiyo sentensi lazima uiwekee chanzo, kwahiyo ripoti za makadirio ya idadi ya wagonjwa zinanukuliwa balaa na waandishi wake huwa ni jeshi zima. Nahisi hiyo elfu 7 ni ya huko. Nyingine ni za vipimo, mfano ile HOMA, hesabu ya kukadiria ukinzani wa insulini, ya Matthews na wenzake ya 1985, ukigusa ukinzani wa insulini unainukuu kama mtu anavyosema bismillah kabla ya kula, hata kuifungua huifungui.

Sasa linganisha na utafiti wa DPP wa 2002, watu 3,234 waliokuwa hatarini kupata kisukari, waliobadili ulaji na kufanya mazoezi hatari ilipungua 58%, waliopewa dawa ya metformini 31%. Huo unanukuliwa kwasababu ulibadilisha ushauri wanaopewa watu. Zote ni saitesheni, uzito haufanani hata kidogo.

Na kunukuliwa sio kusifiwa jamani. Glaisemiki indeksi (kipimo cha jinsi chakula kinavyopandisha sukari ya damu) ya Jenkins tangu 1981 wanainukuu wanaoipenda na wanaoipinga. PREDIMED ya 2013, jaribio la mlo wa Mediterania, karibu nusu ya washiriki walikuwa na kisukari, iliondolewa 2018 baada ya kuonekana ugawaji wa watu kwenye makundi ulikuwa na kasoro, mfano watu wa nyumba moja kuwekwa kundi moja bila kugawanywa kwa bahati nasibu, ikachambuliwa upya na kuchapishwa tena. Mashine inayohesabu haijui ulinukuu kumsifu mtu au kumsema.

Nimechoka_2: Mimi nilifuata h kubwa nikakoma. Msimamizi wangu alikuwa na h ya kutisha, sura ya pili alikaa nayo miezi mitano ikarudi na komenti moja, "rekebisha koma". Miezi mitano!! Ushauri wangu angalia makala za karibuni ambazo mwanafunzi ni mwandishi wa kwanza na prof ni wa mwisho, kwenye fani zetu wa mwisho mara nyingi ndo mwenye kazi. Kama hazipo kimbia.

Kikokotoo: @Nimechoka_2 pole mzee 😂 ila hapo umenena, usisahau tu kwenye makala ndefu za muungano wa watafiti, wa mwisho wakati mwingine kawekwa kwa alfabeti tu.

Mchelewaji: Nimerudi wadau. Makala ya elfu 7 kweli ni makadirio ya wagonjwa, @Sukari_Guru wewe mchawi. Nimeiweka pembeni nikapitia miaka minne ya mwisho, nimekuta sita yeye wa mwisho na wa kwanza ni majina tofauti tofauti, mbili ni majaribio ya mlo kwa wagonjwa, saitesheni moja 14 nyingine 9. Nimesoma hiyo ya 9 yote, sehemu ya mbinu imeelezwa mpaka siku walizokosa kupima sukari. Nimemwandikia email mmoja wa hao wanafunzi nimuulize sura zinarudi baada ya muda gani, akijibu nitaweka hapa.