Tupeane uzoefu: upasuaji ukiwa na kisukari au presha, na zile simu za watafiti ukisharudi nyumbani

Chatu wa Ruvu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Mama yangu mkubwa ana kisukari cha miaka mingi na presha juu yake. Amepangiwa upasuaji wa mawe kwenye kifuko cha nyongo, hospitali ya rufaa. Kliniki wakamuomba aingie kwenye utafiti: wanafuatilia wagonjwa wenye maradhi ya kudumu wanaopasuliwa, nani kidonda kinafunga vizuri, nani kinatunga usaha, nani anarudishwa wodini. Wanataka namba yake na ya ndugu, na watapiga simu mpaka siku ya 30.

Nyumbani ni mvutano. Mjomba amesema kabisa "hawa wanataka kumfanyia majaribio". Nikaingia kusoma. Kuna utafiti mkubwa wa Afrika uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018, nchi 25, hospitali 247, wagonjwa zaidi ya 11,000. Karibu mmoja kati ya watano alipata tatizo baada ya upasuaji. Waliofariki ni asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, na hao wagonjwa hawakuwa wazee, wastani wa umri wao ni miaka 38 hivi. Kilichoniduwaza ni kwamba wengi mno wa waliofariki hawakufia mezani wala siku ile ya upasuaji. Walifariki siku zilizofuata, wakiwa wodini.

Sisi huku tunaombea thieta tu, chumba cha upasuaji. Akitoka salama tunapika pilau.

Kwa hiyo siulizi habari za thieta. Nauliza za baada yake. Sukari ilisimamiwaje, kidonda kilikwendaje, na kama uliwahi kuwekwa kwenye utafiti, ilikuwaje?

Kaka wa Kibaigwa

Nafuatilia. Mzee wangu ana henia, presha imegoma kushuka, kila akienda wanamrudisha.

Mama Pacha

Mimi nina presha tangu kabla ya ujauzito. Nilijifungua kwa upasuaji, na asubuhi ya kuruhusiwa sista wa utafiti akaniomba niingie. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana, niseme ukweli.

Nikiwa nyumbani kitambaa kikaanza kuloa. Mama mkwe akasema ni maji ya kidonda tu, ni kawaida. Ukweni unajua, huwezi kuinuka ukasema naenda hospitali wakati mkwe ameshatoa hukumu. Yule sista akapiga simu kama alivyoahidi. Maswali yake alikuwa anayasoma kwenye karatasi: una homa? Maumivu yameongezeka au yamepungua? Kuna majimaji, yana harufu? Kidonda kimeachia popote? Nilipofika kwenye harufu akaacha kusoma, akaniambia njoo leo, usingoje tarehe ya kliniki. Simu nikampa mama mkwe aongee naye mwenyewe. Bodaboda ikaitwa hapo hapo.

Walifungua nyuzi kadhaa, wakatoa usaha, nikawa nakwenda kusafishwa. Dawa za presha wakabadilisha pia, maana ilikuwa imepanda na hakuna aliyeipima tangu nitoke wodini. Kwenye hesabu zao mimi nimeandikwa upande wa waliopata tatizo. Nimeridhika, wangeniandika vipi tena?

Mzee wa Gongo la Mboto

Pole Mama Pacha. Wangu mimi ni mguu wa kisukari. Nisikilizeni vijana mnaouguza wazazi.

Nilitakiwa kukatwa kidole cha mguu kilichooza. Jina la hospitali silitaji. Nikaambiwa nifunge tangu usiku, nisile wala kunywa. Habari ya insulini hakuna aliyeigusa. Nikachoma dozi yangu kama kawaida, tumbo tupu, kisha nikakaa benchi mpaka mchana kwa sababu walianza na dharura. Kijasho, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki. Binti yangu ndiye aliyepiga kelele, wakapima, sukari iko chini kabisa, wakaniwekea dripu ya glukosi. Upasuaji ukaahirishwa.

Safari ya pili nilipata dokta wa usingizi anayejua kazi. Aliandika kwa mkono wake: dozi gani nipunguze, gani niruke, na mgonjwa huyu awe wa kwanza asubuhi. Mwenye kisukari asiwekwe mwisho wa foleni, hilo ndilo nililojifunza pale. Kidole kilikwenda, mguu umebaki, namshukuru Mungu.

Utafiti? Hakuna aliyeniuliza. Ningependa wangeniuliza.

Sista Wodi ya Pili

Niongee kidogo, mimi ni muuguzi na nimewahi kuwa upande wa wanaopiga hizo simu.

Chatu, mwambie mjomba aulize jambo moja: je, kuna kitu mgonjwa atafanyiwa tofauti kwa sababu ya utafiti? Kama ni ufuatiliaji tu, matibabu yake yanabaki yale yale, wao wanaandika sukari ilikuwa ngapi, upasuaji ulichukua muda gani, nini kilitokea. Kama ni majaribio ya tiba, wengine watapata njia A, wengine B, na hilo lazima liwe kwenye fomu kwa lugha anayoielewa. Fomu iwe na namba ya kibali cha kamati ya maadili. Kwa Tanzania bara kibali cha taifa kinatoka NIMR, ile Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na vyuo na hospitali kubwa zina kamati zao. Fomu isiyo na kibali wala namba ya mtu wa kumlalamikia, usisaini.

Kwa nini siku 30? Kwa sababu maambukizi ya kidonda cha upasuaji huhesabiwa ndani ya muda huo, na mengi hujitokeza mtu akishakwenda kwao. Ukihesabu wodini peke yake utaona hospitali yako ni kama peponi.

Tabu yetu kubwa ilikuwa simu. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Huyo hapatikani kwa sababu ameuza laini, au kwa sababu amezikwa? Tukimwacha nje ya hesabu, matokeo yanapendeza kwenye karatasi na wala si ya kweli. Ndiyo maana tunaomba namba ya ndugu, ya jirani, hata ya mwenyekiti wa mtaa. Nimewahi kupiga nikapokelewa na mtoto, akasema bibi hayupo, nikauliza amekwenda wapi. Sitaki kusimulia zaidi.

Na wengi wanagundulika na kisukari siku ile ile ya vipimo vya upasuaji. Amekuja na jipu, anaondoka na kadi ya kliniki ya kisukari.

Msema Kweli Haambiwi

Haya yote mazuri. Mnatuhesabu, mnaandika majarida, mnapanda ndege. Sisi tunapata nini?

Sista Wodi ya Pili

Swali la haki. Ifakara ilikuwa moja ya miji minane duniani iliyojaribu orodha ya ukaguzi ya WHO (Shirika la Afya Duniani) kabla, wakati na baada ya upasuaji: jina la mgonjwa, upande wa kupasua, antibayotiki imetolewa, vifaa vimehesabiwa. Matokeo yalitoka 2009: vifo kwenye miji hiyo kwa ujumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Leo ukilala mezani ukaulizwa jina lako kwa mara ya tatu, usikasirike.

Kuna utafiti mwingine wa 2022, nchi saba, Rwanda ikiwemo, wagonjwa zaidi ya 13,000. Timu ilibadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo. Maambukizi ya kidonda yakashuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Glavu tu!

Lakini nisikudanganye. Ule utafiti wa Afrika ulikuwa na awamu ya pili: mgonjwa wa hatari alipewa kitanda kinachoonekana na wauguzi, akapimwa mara nyingi zaidi, ndugu akaruhusiwa kukaa wodini. Vifo havikupungua. Mimi nafanya usiku wodi iliyojaa, sikushangaa. Karatasi ya kuniambia "pima mara nyingi" hainiongezei mwenzangu wa zamu.

Msema Kweli Haambiwi

Hapo umenijibu.

Jirani wa Nakuru

Sisi huku tulikataa. Mume wangu ana sukari, alikuwa anatolewa uvimbe shingoni, akasema hataki simu za watu. Daktari akasema ni sawa. Hatukununiwa, foleni haikubadilika. Nasema hivi kwa sababu kuna watu husaini wakidhani wakikataa watatibiwa vibaya.

Jambo lingine, tulipotoka nilishangaa hatukupewa antibayotiki za kwenda nazo. Shemeji akataka kutununulia dukani. Daktari akaeleza kwamba dozi ya maana ni ile ya kabla ya kisu, na kwa upasuaji msafi kuendelea kumeza hakuongezi kinga. Kilipona vizuri.

Kaka wa Kibaigwa

Sista, na huyu wangu wa presha?

Sista Wodi ya Pili

Kama henia haimbani, si dharura, kuahirisha ni sawa. Wengi husita kama imezidi 180 kwa 110. Ila asirudishwe mikono mitupu. Aombe kuonana na daktari wa presha, dawa zirekebishwe, apewe tarehe. Henia ikikaza ghafla, ikauma na anatapika, hiyo kimbieni usiku huo huo.

Chatu wa Ruvu

Asanteni sana wakuu. Mjomba nimemsomea, kalainika kidogo, sasa anataka fomu aisome mwenyewe neno kwa neno. Tatizo mama mkubwa hajui kuandika, na nimesikia ameshaweka dole gumba tangu jana.

Sista Wodi ya Pili

Alisomewa mbele ya nani? Dole gumba linahitaji shahidi asiyekuwa wa timu ya utafiti, naye anasaini pembeni. Kama hakuwepo mtu, rudini mwambieni aliyechukua ridhaa aanze upya, mjomba akiwa amekaa hapo. Na muondoke na nakala yenu.