Mafundi pikipiki mnaoseti tapeti (ile nafasi ndogo ya kuchezea juu ya valvu) kwa sikio mnatuulia injini, nimechoka!!

Wakuu habari za jioni, naandika hapa nina hasira kwelikweli. Nina pikipiki ya kichina injini ya CG 125, ile ya pushirodi (vyuma virefu vyembamba vinavyosukuma valvu zifunguke), nipo Morogoro napiga nayo boda na hesabu ya bosi ni elfu nane kila siku ya Mungu. Wiki mbili zilizopita ikaanza kugonga juu kwenye kichwa, tak tak tak. Fundi wa kwanza hata kifuniko hakufungua, kaweka bisibisi kwenye bloku, mpini kauweka sikioni, kasema taiming cheni imekwisha lete elfu 25. Nikatoa.

Jamani CG HAINA TAIMING CHENI. Kamu yake, ile shafti yenye nundu ya kufungulia valvu, iko chini, inazungushwa na gia moja kwa moja kutoka kwenye krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), juu ya kamu kuna lifta mbili, lifta zinasukuma pushirodi, pushirodi zinasukuma roka, vile vimikono vya kwenye kichwa, roka ndo inabonyeza valvu. Honda walianza kuuza CG125 mwaka 1976 ikiwa hivyohivyo. Boxer na TVS ndo zina cheni ya kuzungusha kamu. Sasa elfu 25 yangu ilinunua cheni gani na ikafungwa wapi??

Kelele ikabaki palepale nikaenda kwa wa pili. Huyu angalau alifungua, akakuta pushirodi moja imepinda, sawa. Dukani muuzaji kachomoa mbili kwenye boksi limechanganyika, namwambia yangu ni 125 ananijibu zote za CG ni moja hizo, dogo. Si kweli! CG 200 pistoni inasafiri 62.2 mm, ya 125 ni 49.5, bloku haziwezi kulingana urefu sasa pushirodi zitalinganaje? Fundi kazifunga hapohapo injini bado inaunguza mkono, hana fila (kibati chembamba cha kupimia nafasi), anakaza skrubu ya tapeti huku anasikiliza mpaka kelele ikaisha, akanigeukia anatabasamu, umesikia ilivyotulia?

Ilitulia siku tatu. Ya nne asubuhi kiki mpaka mguu unatetemeka haiwaki, ikiwaka haina nguvu, kupanda kwenda Bigwa na abiria mmoja nashuka nasukuma. Tumefungua leo, valvu ya ekzosi ukingo wake umeliwa kipande kama biskuti iliyong'atwa. Tapeti ilikazwa mno, valvu haikai kwenye siti yake pale inapofungia, moto unapita pembeni kila mlipuko, lazima iungue. Hizo pushirodi mpya nimezisimamisha juu ya kioo, moja imeizidi mwenzake karibu milimita mbili, nikazibiringisha, ile ndefu inarukaruka katikati. Mpya hiyo wakuu, imetoka dukani imepinda!

Na kuseti hii kitu wala si uchawi. Injini iwe imelala usiku mzima imepoa, zungusha sumaku (gurudumu la ubavuni lililofungwa kwenye krenki) mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kwenye kava, hapo pistoni iko juu kabisa, shika roka zote mbili, zikicheza kidogo upo sawa, valvu zote zimefunga, kama kuna iliyokaza zungusha raundi nzima tena. Pitisha fila ya 0.08 mm kati ya skrubu ya roka na valvu, ya ingizo na ya ekzosi, iteleze kwa kukwaruza kidogo, shika skrubu isizunguke huku unakaza nati, halafu PIMA TENA maana ukikaza nati huwa inahama. Na kabla ya kufunga pushirodi mpya tazama ncha za zile za zamani na uso wa lifta, kama vimechimbika ukiweka rodi mpya juu ya lifta iliyoliwa kelele inarudi tu. Dakika ishirini hazifiki. Fila yenyewe bei yake ndogo kuliko hiyo elfu 25 ya cheni isiyokuwepo.

Nimelala siku tano bila kazi, hesabu ya bosi inasoma elfu 40, bado valvu, bado gasketi, bado kusaga siti. Kesho narudi dukani na hizi pushirodi mbili mkononi nizisimamishe mezani kwake mbele ya wateja. Mwenye kumjua fundi Morogoro anayeseti kwa fila injini ikiwa ya baridi aniandikie, nitamfuata hata kama ni Mzumbe.