MALALAMIKO: Acheni kutupangia mastraika kwa majedwali ya kijani na nyekundu

Wadau wa Malindi, na ndugu zetu wa Lamu mnaopita humu, uzi huu ni wa hasira na sitauremba. Siku hizi kila maskani, kuanzia Shela hadi Muyeye, ina bingwa wa takwimu. Anatoa simu, anapiga picha jedwali la washambuliaji wawili, penye namba kubwa anapaka kijani, penye ndogo nyekundu, anahesabu vijani na kutoa hukumu. Yangeishia kwenye ubishi wa kahawa, sawa. Sasa yameingia kwenye vikosi: straika anakalishwa benchi eti takwimu zake nyekundu, na aliyezipika hajui hata kama penalti zimo ndani.

Tuanze na hizo penalti, maana ndizo zinazodanganya wengi. Msimu wa 2022/23, Ligi Kuu ya Uingereza: Haaland wa Manchester City mabao 36, Kane wa Tottenham 30. Toa penalti. Haaland alifunga 7, Kane 5, wanabaki na 29 kwa 25. Pengo limepungua, na shabiki wa Kane anafunga hesabu hapo hapo. Hapana, bado. Kane alianza mechi zote 38 na kucheza dakika karibu 3,400, Haaland takriban 2,770. Chukua mabao, gawanya kwa dakika, zidisha kwa 90. Haaland 0.94, Kane 0.66. Hatua ya kwanza imelipunguza pengo, ya pili imelipanua tena. Ukisimama katikati utapata lile jibu ulilokuwa ukilitaka tangu asubuhi.

Kwa nini penalti zitolewe? Kwa sababu kupewa mpira ni uamuzi wa kocha na wenzako, na mkwaju wenyewe huingia karibu mara 78 katika 100, apige nani. Tarehe 6 Mei 2023, City na Leeds, Haaland alimwachia Gündoğan penalti, ikagonga mwamba. Angepiga mwenyewe na kufunga, jedwali lenu lingempaka kijani zaidi bila ubora wake kuongezeka hata chembe. Kwa Kane ni kinyume chake. Agosti 2022 kipa wa Nottingham Forest alimpangulia penalti. Mkwaju ule umeingia kwenye mabao yake tarajiwa (xG, nitaieleza hapa chini) kama 0.78, kwenye mabao umeingia kama sifuri, halafu mtu anakuja humu kutuambia Kane anapoteza nafasi.

Sasa hiyo xG yenyewe, mabao tarajiwa. Kila shuti hupewa namba kati ya 0 na 1 kufuatana na umbali, pembe, mguu au kichwa, na pasi iliyolitangulia. Kichwa kikipigwa pale pale alipopiga mwingine kwa mguu, namba yake huwa ndogo. Ila kila kampuni ina fomula yake. Opta na StatsBomb, kampuni mbili za takwimu, hawatoi namba moja kwa shuti lile lile. Tovuti ya FBref ilikuwa ikitumia za StatsBomb, mwaka 2022 ikahamia Opta. Anayechukua xG ya straika wake kutoka picha ya zamani na ya mpinzani kutoka tovuti nyingine anapima samaki mmoja kwa mizani ya bandarini na wa pili kwa mizani ya dukani, kisha anabishana kuhusu robo kilo.

Kuna na mpira uliotemwa na kipa. Straika anapiga shuti la 0.6, kipa anatema, anarudia la 0.5. Ukijumlisha kibubusa unapata 1.1, yaani zaidi ya bao moja kwenye shambulizi lisiloweza kuzaa mabao mawili. Hesabu sahihi: uwezekano wa kukosa yote mawili ni 0.4 mara 0.5, sawa na 0.2. Kwa hiyo shambulizi zima ni 0.8.

Hapa ndipo pananichoma zaidi. Straika wawili, kila mmoja mashuti 40, kila shuti 0.125. Wote wanatarajiwa mabao 5. Zidisha 40 kwa 0.125 kwa 0.875 (uwezekano wa shuti kukosa), tafuta kipeuo cha pili, unapata karibu 2.1. Huo ndio mtawanyiko wa kawaida, yaani kiasi ambacho mabao hupanda au kushuka kwa bahati tu. Mmoja akimaliza na 7 na mwingine na 3, hakuna cha ajabu, bahati peke yake inatosha kabisa kuleta tofauti hiyo. Na nyinyi mnamwita wa kwanza muuaji na wa pili mnamtafutia timu nyingine! Ukitaka kujua nani anafika penye hatari, tazama xG bila penalti na idadi ya mashuti, kwa sababu hayo hutulia mapema. Asilimia ya mashuti yaliyoingia hupanda na kushuka.

Kazi ya mchezaji nayo mnaisahau. Agosti 2022 dhidi ya Bournemouth, Haaland aligusa mpira mara 8 katika dakika 74, City ikashinda 4-0, na mguso mmoja kati ya hiyo ulikuwa pasi ya bao la kwanza. Kane msimu wa 2020/21 aliongoza ligi kwa mabao, 23, na kwa pasi za mabao, 14, kwa sababu alikuwa akirudi nyuma kuchukua mpira. Ukiwalinganisha hawa kwa miguso ndani ya kumi na nane (eneo la penalti) umeshapanga jibu kabla ya swali.

Wenzetu wa magongo ya barafuni, Kanada na Marekani, walipita njia hii zamani. Wana Corsi, inayohesabu majaribio yote golini, hata yaliyozuiwa na yaliyotoka nje, na PDO, inayojumlisha asilimia ya mashuti ya timu yaliyoingia na asilimia ya kipa wao kuokoa. Ikipanda mno juu ya 100 wanajua bahati imo na itashuka. Lakini kule fowadi huingia na kutoka kila baada ya dakika moja hivi, wanapata muda mrefu wa timu ikiwa naye na ikiwa bila yeye. Straika wetu hucheza karibu zote 90. Ukinakili ulinganisho huo wa naye na bila yeye utakuwa unapima zile dakika chache za mwisho ambazo mechi imeshaamuliwa.

Kwa ligi zetu za mitaani, tafuteni daftari. Chora nusu ya uwanja, na kwa kila shuti andika dakika, mahali, mguu au kichwa, limetokana na nini (krosi, kona, mpira uliotemwa), na lango la upande gani. Lango ni muhimu, maana kusi ikivuma anayeshambulia kwa kufuata upepo ana kipindi chepesi. Andikeni pia dakika halisi zilizochezwa, kwani mechi ikikatwa kwa ajili ya maghrib haikuwa ya 90. Msibebe thamani za mashuti za Ulaya kuzileta kwenye kiwanja cha mchanga. Hesabuni tu mashuti ya ndani ya kumi na nane, katikati ya lango, bila penalti. Hiyo peke yake inashinda jedwali lolote lililowahi kubandikwa humu.

NYONGEZA kwa aliyeuliza kuhusu wastani wa mabao wa kijana anayeingia uwanjani dakika ya 75: mabao 2 kwa dakika 120 ni 1.5 kwa kila 90, ndiyo, na haina maana yoyote. Anakutana na mabeki waliochoka. Chini ya dakika 900 msiandike wastani, andikeni mabao na dakika zake basi. Na wasimamizi, jedwali lisilotaja chanzo, msimu, dakika na kama penalti zimo au hazimo, lifuteni.