Naombeni ushauri: Moshi hadi Lamu, Alhamisi hadi Jumatatu, inawezekana?

Fundi wa Pasua (mleta uzi)
Wakuu salaam. Alhamisi hii nataka kuvuka Holili niende Lamu, nirudi Jumatatu jioni. Sijawahi kufika. Nasikia ni kisiwa kizuri, hakina msongamano wa magari, watu wanatembea kwa miguu na punda, kuna matuta ya mchanga Shela na safari za mashua. Mwenye uzoefu aniambie njia, na kama muda huo unatosha kuona mji. Nyumba za zamani hasa. Msichelewe jamani, usingizi sipati.

Msafiri wa Himo
Piga hesabu mkuu. Alhamisi ni Holili, Taveta, Voi, unalala Mombasa. Ijumaa unapanda basi la asubuhi: Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe. Hapo bara inaisha, unaingia boti unavuka hadi Amu, wenyewe mji wao wanauita hivyo. Jumapili unaanza kurudi. Kwa hiyo Lamu yako ni Jumamosi peke yake. Na ile barabara ya Garsen ulizia hali yake ukiwa Mombasa. Tangu Mpeketoni iliposhambuliwa Juni 2014, watu hawaipiti kwa mazoea. Pasi ya kusafiria unayo?

Bint Tanga
Mwezi wa saba huu? Kusi limeshika, bahari imechafuka. Kama ni kuogelea na kutazama samaki Manda Toto, ngoja kaskazi, maji yanatulia unaona mpaka chini. Mimi nilikwenda na marehemu mume wangu. Tulitembea kutoka mjini hadi Shela kando ya maji, kama dakika arobaini, tukavua viatu tukapanda matuta. Wakati wa kurudi, punda aliyebeba mawe ya matumbawe akatukuta kwenye kichochoro, tukabanana ukutani. Mume wangu alicheka mpaka akakaa kwenye baraza ya watu. Wenye nyumba wakafungua mlango, wakatuletea kahawa. Nenda na mwenzio, usiende peke yako.

Mama Kihamba
Lamu ya nini na Unguja ipo? Huvuki mpaka. Mji Mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu 2001. Nyumba za zamani zimejaa kote kuwili. Halafu mwanangu, anayekwenda kupumzika hakosi usingizi. Una nini?

Fundi wa Pasua
Shikamoo mama. Pasi ninayo. Unguja hapana, lazima Lamu. Kuna kazi kidogo. Mteja anajenga nyumba ya wageni njia ya Machame, anataka mlango mkubwa wa Kilamu. Nataka niuone kwa macho kabla sijaanza.

Msafiri wa Himo
Kwani picha hazitoshi? Na kwa nini Alhamisi hii hii?

Fundi wa Pasua
Nimeshapokea nusu, laki nane. Na nilimwambia nimejifunza Lamu miaka miwili.

Sikumwibia mtu. Mwaka wa kumi na moja huu nachonga vitanda na makabati, hakuna aliyerudisha. Ningesema ukweli kazi ingekwenda kwa mwingine. Mninga nimeshanunua, mkavu kabisa, na tiketi ya Mombasa nimeshakata. Tarehe 20 anakuja kukagua.

Mzee wa Njoro
Uongo kama huo ndio unaovunjia mafundi wote heshima. Mwaka 1994 fundi cherehani aliniapia suti yangu ya harusi iko tayari, imebaki kupiga pasi. Nilioa na koti la shemeji, mikono imeishia hapa juu ya kifundo, na picha ile bado iko sebuleni. Mpigie mteja leo.

Kijana wa Majengo
Chai hii wakuu. Huyu huyu juzi kwenye uzi wa bodaboda alijieleza kuwa dereva. Leo ni fundi nakshi. Na nani anatoa laki nane bila kuona kazi? Subirini, kesho anaomba nauli.

Bint Tanga
Kama ni chai, basi nimemleta marehemu humu bure. Imeniuma.

Msafiri wa Himo
Tumpime. Fundi, mfaa ni nini?

Fundi wa Pasua
Pikipiki ni ya kaka, naiendesha jioni kazi ikipungua. Senti ya mtu siombi.

Mfaa ni ule mti wa katikati. Umeshikishwa kwenye upande mmoja, ndio unaofunika mwanya pande mbili zikikutana. Na mlango wenyewe hauna bawaba, unazunguka kwa ncha za mbao zilizoingia kwenye matundu, juu na chini. Hapo ndipo nilipokwama. Kwenye picha nakshi naiona, tundu silioni. Nimejaribu mara mbili kwa mbao za mkaratusi. Mara ya pili ulikaa, lakini ukiufungua unaburuza chini, umeshachora sakafu ya karakana nusu duara. Nataka nitie kidole kwenye tundu lile nijue kina chake. Dada, sijakudanganya.

Msafiri wa Himo
Huyu ni fundi. Basi Jumamosi amkia Makumbusho ya Lamu, pale ufukweni. Kisha ingia vichochoroni ufuate mlio wa nyundo. Wachongaji wapo, wasalimie, kaa, omba kushika patasi. Waulize na mbao: wao mbambakofi wanaijua, mninga wako waonyeshe kipande. Shela utaiona siku nyingine.

Mama Kihamba
Na mteja mpigie kabla.

Fundi wa Pasua
Akidai pesa yake sina mama, imeshakuwa mbao. Nitampigia nikiwa Amu.

Mama Kihamba
Ukishavuka, laini yako itakula salio lote kabla hujamaliza salamu. Mpigie ukiwa Tanzania.

Fundi wa Pasua
Basi Himo, gari likisimama. Dada Bint Tanga, ile nyumba ya kahawa ilikuwa mtaa gani?

Bint Tanga
Mtaa siukumbuki. Tulikuwa tumeupita msikiti wa Riyadha. Mlango ulikuwa wa kijivu kwa jua, una maua ya duara juu, na walipoufungua ulilia.

Fundi wa Pasua
Ulilia juu au chini?