Taa za mbele zinamulika juu, nazishushaje?

Mtu wa Igoma: Wakuu habari, tangu nibadilishiwe taa ya kulia kila nikitoka Magu usiku wenzangu wananiwashia fulu mfululizo wakati mi niko dimu kabisa, juzi bodaboda mwanga ulimpiga machoni akaingia kwenye majani namuona hivi hivi, roho iliniuma sana.

Fundi Nyakato: Pole mkuu. Pima upepo wa matairi kwanza, paki sehemu tambarare mita 10 toka ukutani, mtu akae siti ya dereva. Pima toka chini hadi katikati ya taa, urefu huohuo weka alama ya chaki ukutani, mwanga wa dimu uishie kama sentimita 10 chini ya alama. Skrubu iko nyuma ya taa, zungusha taratibu na bisibisi. Kushoto mwanga kupanda kidogo ni sawa, ndo unamulika watembea kwa miguu.

Mama Dagaa: Na mzigo jamani! Nikipakia magunia toka Mwaloni Kirumba nyuma inakaa, taa zinaangalia mawinguni. Cheki kama una kile kiduara chenye namba kuanzia 0 karibu na usukani, namba ikipanda taa zinashuka.

Mtu wa Igoma: Ninacho, kiko 0! Leo leo giza likiingia naenda ukutani, asanteni sana.