Tupeane uzoefu: dawa feki, dawa za magendo na rushwa ya makampuni ya dawa (wa Tanga na mwambao wote karibuni)

Binti Makorora

Wakuu, habari za jioni. Naandika uzi huu kiboksi cha dawa kikiwa mbele yangu, na nimekitunza tangu mwezi wa pili.

Mama yangu ana presha, huu mwaka wa tisa. Anameza amlodipini kila asubuhi baada ya chai, haruki. Mwishoni mwa mwaka jana presha ikaanza kupanda: 170, 180, siku moja 195. Tukamlaumu yeye. Tukasema anakula chumvi kwa siri, anakula dagaa wa kukaanga kwa jirani, ana mawazo. Mama akawa anaapa. Kaka alimfokea mpaka akalia, nami nilikuwepo na sikumtetea. Kliniki wakamwongezea dozi, haikushuka. Ni nesi mmoja mtu mzima aliyeuliza: "Dawa zenyewe mnanunua wapi? Nileteeni boksi."

Tulikuwa tunanunua duka moja Ngamiani, silitaji. Nesi akakwangua kwa kucha stika ndogo nyeupe iliyoandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Chini yake palikuwa na tarehe nyingine, imepita miezi 14. Na stika yenyewe imechapwa kwa herufi zilezile za boksi, imenyooka. Kazi ile haikufanywa na muuza duka kwa kalamu. Yupo mtu mwenye mashine, mwenye karatasi, na anaowalipa kubandika.

Nikarudi dukani. Mwenye duka hakubisha wala hakunifukuza. Alikaa kwenye kiti, akaniambia alinunua kwa kijana anayepita na begi, bei chini kuliko ya wakala, risiti hakuna. Kijana kachukua kwa nani? Hajui. Kila mmoja anamjua aliyemuuzia tu, na anayepata faida kubwa yuko mbali, hakuna anayemfikia.

Naomba tupeane uzoefu. Dawa zilizopita muda, magendo, wizi wa dawa za serikali, rushwa, na makampuni makubwa pia. Msitaje majina ya maduka wala ya watu.

Nahodha wa Mkinga

Binti yangu, pole na mama. Mimi nimebeba mizigo kwa mashua pwani hii ya kaskazini zaidi ya miaka 20. Bandari bubu zetu nazijua kwa giza. Sukari, mafuta ya kula, vitenge, mchele, vyote nimebeba na sijifichi.

Mwaka mmoja, msimu wa kaskazi, nilipewa katoni 40. Nyepesi. Nikaambiwa vipodozi. Malipo yalikuwa mara mbili ya mzigo wa sukari, na hapo ndipo ilinipasa kuuliza. Sikuuliza. Tulifika maji yamekupwa, na mwenye lori akapiga simu kwamba kuna doria barabarani, tusubiri. Tukazificha ndani ya mikoko chini ya turubai. Zilikaa siku tatu. Jua la mwezi wa kwanza mnalijua. Ukiingiza mkono chini ya turubai lile unautoa haraka.

Siku ya pili katoni moja ikachanika kwa unyevu. Ndani chupa ndogo za kioo, za sindano. Kwenye boksi pamechorwa kipimajoto na kuandikwa 2 mpaka 8. Mwanangu wa form two ndiye aliyenieleza baadaye kwamba zilitakiwa kukaa kwenye baridi. Lori lilikuja usiku wa tatu, wakapakia zote, hata ile iliyochanika waliifunga kwa gundi ya karatasi. Hakuna aliyesema zitupwe.

Sijabeba katoni za namna ile tena, lakini kila nikimpeleka mjukuu kuchomwa sindano naliona turubai. Penyewe napakumbuka, hata mti niliofungia kamba. Niko tayari kumwonyesha mhusika, ila sitakwenda peke yangu. Kijiji chetu kidogo.

Binti Makorora

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili. Ahsante kwa kusema.

Dada wa Chumbageni

Mimi nilikuwa upande wa suti. Miaka minne nilitembeza dawa kwa madaktari, Tanga mpaka Moshi na Arusha, kampuni siitaji. Kila daktari nilimfungulia ukurasa kwenye daftari: anashabikia timu gani, mtoto anasoma wapi, kafiwa lini. Msiba ukitokea mimi ndiye wa kwanza kufika na bahasha. Semina zilikuwa hoteli za ufukweni, mada nusu saa, chakula na posho siku mbili. Mwisho wa mwezi nilipita famasi kuhesabu vyeti vilivyoandikwa dawa yetu na nani kaandika. Asiyeandika, hakualikwa tena.

Tulisukuma antibayotiki ya bei ghali mahali ambapo amoksilini ingetosha. Siku moja nimesimama kwenye famasi nikihesabu, akaja mama amebeba mtoto mgongoni, cheti kimeandikwa na daktari wangu. Bei 38,000. Alikuwa na 10,000. Akasema, "Nipe za elfu kumi." Akapewa. Vidonge vya siku mbili kwa ugonjwa wa siku saba, na usugu wa vijidudu unaanzia papo hapo. Nilifanya kazi ile miezi mitatu mingine baada ya siku hiyo, na miezi hiyo mitatu ndiyo inayonikera kuliko yote.

Nilipoacha nikaanza kusoma. Mwaka 2009 Pfizer walikubali kulipa dola bilioni 2.3 Marekani, sehemu kubwa kwa sababu ya Bextra, dawa ya maumivu waliyoitangaza kwa matumizi ambayo haikuidhinishiwa; wakati huo ilishaondolewa sokoni tangu 2005. Mwaka 2012 GlaxoSmithKline wakakiri makosa na kulipa dola bilioni 3. Walitangaza dawa ya sonona, Paxil, kwa walio chini ya miaka 18 bila idhini, na hawakupeleka kwa wasimamizi taarifa zote za usalama wa dawa ya kisukari, Avandia. Miaka miwili baadaye mahakama ya China ikaitoza kampuni hiyohiyo yuan bilioni 3 kwa kuhonga madaktari na hospitali. Purdue, wenye dawa kali ya maumivu ya OxyContin, walikiri mwaka 2007 kwamba waliipamba dawa ile isionekane inavyolevya, wakalipa zaidi ya dola milioni 600. Mwaka 2020 wakakiri tena makosa ya jinai. Niliposoma habari za China nililifahamu daftari langu.

Mzee wa Mkinga, usijione wewe ndiye mhalifu mkubwa humu. Sisi tulikuwa na vitambulisho vya shingoni na magari ya kampuni.

Mama wa Korogwe

Dada, umenishtua. Mwanangu wa pili alikuwa kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S hapa Korogwe, yale ya 2009 hadi 2014. Vituo vilikuwa 11 katika nchi 7, na Bagamoyo ni kimojawapo. Chanjo ile ni ya GlaxoSmithKline haohao.

Nami nasema nilichokiona. Nilisomewa fomu kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, nikaambiwa naweza kumtoa mtoto siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Akiugua usiku palikuwa na gari. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo ile, na mimi nilifurahi kama mtu aliyechangia ujenzi wa kisima.

Lakini nimewahi kusoma habari za Kano, Nigeria. Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ikiwa imepamba moto, Pfizer walijaribu dawa ya Trovan kwa watoto 200 hivi, nusu yao wakipewa hiyo na nusu dawa nyingine. Watoto 11 walikufa. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, ila mwaka 2009 ilikubaliana na Jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Mama mwenzangu wa Kano naye alikuwa na mtoto anaunguza homa mikononi kama mimi. Mimi nilikuwa na fomu, kamati ya maadili juu ya watafiti, na watu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ninaowajua kwa majina. Ukiviondoa hivyo, sioni kilichonitenganisha naye.

Kijana Muheza

Msisahau dawa za kikohozi za watoto. Mwaka 2022 Gambia walizika watoto 70 hivi, figo zimekufa, kwa dawa za maji zilizotengenezwa India na kukutwa na daiethilini glaikoli, kemikali ya viwandani. Ni rahisi kuliko kiyeyusho halali cha dawa na ina utamu, kwa hiyo mtoto haitemi. Mke wangu tangu hapo anatumia asali na limau.

Muuza Dawa Pangani

Nina duka la dawa muhimu, nimesomea, nina kibali ukutani. Nataka mjue tunavyotongozwa.

Jioni moja, nafunga, akaja kijana na bodaboda, kabeba mfuko wa salfeti. Ndani dawa mseto, antibayotiki, glovu. Bei robo ya ile ya jumla. Nikafungua kopo moja, vidonge vimepigwa chapa GOT. Hizo ni za serikali, zimetoka Bohari ya Dawa kwenda zahanati, haziruhusiwi kuuzwa. Nikamwambia aondoke. Akacheka, akasema mwenzako wa kona ile kachukua.

Wiki hiyohiyo wateja wangu walikuwa wanatoka zahanati na vyeti mkononi, wameambiwa dawa hakuna. Bibi mmoja kaja na mjukuu ana malaria, akanunua kwangu kwa pesa ya kuuza kuku. Nilimuuzia dawa yangu halali huku najua dawa yake ya bure imepita mlangoni kwangu kwenye salfeti. Hilo si la kijana mmoja. Yupo anayefungua stoo, yupo anayesaini leja kwamba zimetumika, yupo mwenye pikipiki.

Binti Makorora, nikueleze jinsi ya kukagua dawa. Angalia namba ya toleo kwenye boksi na kwenye karatasi ya vidonge, zilingane. Tarehe vilevile: ile iliyogandamizwa kwenye karatasi ya vidonge ni ngumu kuibandikia stika. Dawa iliyosajiliwa ina namba ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inayoanza na TAN. Dai risiti, hata ya kidonge kimoja, na usimruhusu muuzaji akukatie vidonge ukaenda navyo kwenye bahasha tupu.

Mgosi wa Lushoto

Kukatiwa vidonge ndiyo maisha yetu huku juu. Nani ana pesa ya boksi zima?

Muuza Dawa Pangani

Kweli kaka. Basi omba akuonyeshe boksi kabla hajakata, na ulipige picha kwa simu.

Binti Makorora

Nimerudi. Mama alibadilishiwa dawa, jana presha ilikuwa 138. Kaka kamwomba radhi, kanunua kanga. Mimi bado sijapata maneno, namkanda miguu jioni tu.

Boksi nimepeleka leo kwa mfamasia wa halmashauri. Ameandika namba ya toleo, kapiga picha stika, akauliza kama nina shahidi wa njia mizigo inavyoingia. Nikamwambia yupo mzee, lakini hatakwenda peke yake.

Mzee wa Mkinga, nimekuandikia faragha. Jumatatu, basi la saa moja asubuhi. Tutakuja wawili, mimi na mfamasia.

Nahodha wa Mkinga

Nimeona. Njooni na viatu vya matope.